Chuo cha Ushirika Moshi na Daftari Letu: Hotuba ya Mwenyekiti Siku ya Kutimiza Miaka Kumi

Tunawakumbuka wenzetu wawili tulioanza nao safari na ambao hawapo tena. Hisa zao za kwanza zimo katika daftari letu la kwanza, ukurasa wa kwanza, na majina yao hatujayafuta. Mungu awapumzishe mahali pema. Amina.

Ndugu Mgeni Rasmi, kamati ya sherehe iliomba mwenyekiti aeleze historia ya kikundi. Lakini katibu ameshaisoma yote kwenye risala, na ameisoma vizuri. Mmesikia jinsi tulivyoanza mwaka 2015 chini ya mringaringa, akina mama kumi na watano, kila mmoja na shilingi elfu moja yake mkononi. Mmesikia sanduku letu la kufuli tatu, na jinsi tulivyosajiliwa halmashauri baada ya sheria ya huduma ndogo za fedha ya mwaka 2018. Hatutayarudia hayo. Chakula kipo jikoni na mtori haupendi kusubiri.

Sisi tumeona tuwaeleze historia ya jirani yetu mmoja. Tunampita siku za soko tukishuka na mikungu ya ndizi, na kwa miaka mingi hatukuwahi hata kumpigia hodi. Jirani huyo ni Chuo cha Ushirika pale Moshi, Barabara ya Sokoine, ambacho siku hizi kinaitwa Chuo Kikuu cha Ushirika Moshi.

Tunajua wapo wanaojiuliza: jamani, mwenyekiti wa darasa la saba anatafuta nini chuo kikuu? Swali hilo ni halali. Tunaomba mtuvumilie, tutalijibu kabla hatujakaa.

Ndugu wanachama, ukitaka kukijua chuo kile lazima uanze na kahawa. Wazee waliopo hapa watatusahihisha tukikosea. Mwaka 1925 wakulima wa kahawa wa mlima huu walianzisha chama chao, kwa Kiingereza wakakiita KNPA. Katika viongozi wake alikuwapo mzee Joseph Merinyo. Walitaka kuilinda kahawa yao na kuiuza kwa pamoja, kwa sababu mkulima mwenye vikuba vyake vichache akienda peke yake kwa mnunuzi, bei anapangiwa. Mwaka 1932 ikaja sheria ya vyama vya ushirika katika Tanganyika, na baada yake, mwaka 1933, kikaandikishwa KNCU, Chama Kikuu cha Ushirika cha Kilimanjaro, chenye vyama vya msingi huku juu vijijini.

KNCU kilifanya mengi na hakuna asiyejua. Jengo lake pale mjini bado limesimama. Watu walisomeshwa kwa kahawa, nyumba za bati zikajengwa kwa kahawa. Lakini kuna mambo mawili ambayo tunataka leo yasemwe.

La kwanza ni kwamba kahawa ilikuwa ya baba. Mama alipalilia, mama alichuma, mama alisaga kwa mashine ya mkono, akaosha, akaianika, akaigeuza juani, na mara nyingi ni yeye aliyeibeba kichwani mpaka kwenye chama. Lakini kadi ya uanachama iliandikwa jina la baba, kwa kuwa kihamba ni cha baba. Siku ya mkutano mkuu mama alikuwa jikoni. Hatusemi haya kwa kulaumu, maana akina baba wenyewe wako hapa wanacheka. Tunasema ili mabinti zetu waelewe kwa nini mama zao walipoanza kuweka akiba, walianza na sanduku la mbao chini ya mti wakati jengo la ushirika liko hatua chache tu.

La pili ni kwamba kwa miaka mingi ya mwanzo hesabu kubwa za ushirika ule zilikuwa mikononi mwa wageni. Meneja alikuwa Mwingereza. Kahawa ilikuwa yetu, lakini kalamu haikuwa yetu. Na mwenye kalamu, ndugu zangu, ndiye mwenye neno la mwisho.

Sasa uhuru ukaja, tarehe 9 Desemba 1961. Mwaka mmoja baadaye, siku ileile, Tanganyika ikawa Jamhuri. Na kabla Jamhuri haijatimiza mwezi, tarehe 5 Januari 1963, Chuo cha Ushirika kikaanzishwa hapa Moshi, chini ya wizara iliyosimamia ushirika. Mwaka uliofuata, 1964, Bunge likakitungia sheria yake. Tulipoisikia tarehe hiyo kwa mara ya kwanza tulijiuliza mbona haraka hivyo. Nchi changa ina njaa ya madaktari, ina njaa ya walimu, na bado inafungua chuo cha kufundisha watu kutunza vitabu vya ushirika!

Haraka hiyo ilikuwa na sababu. Serikali ilitaka kila mkoa uwe na ushirika, hata kule ambako haukuwahi kuwepo. Katika miaka michache vyama vya msingi vikapita elfu moja. Kila chama kinataka katibu, kinataka mtunza stoo, kinataka mtu wa mizani, kinataka mkaguzi. Watu hao hawaoti kama uyoga. Ndiyo maana kazi ya kwanza ya chuo ilikuwa kuwafundisha watumishi wa vyama na maofisa wa serikali wa kusimamia ushirika. Waliofika pale walifundishwa kuandika hesabu, kukagua, kuendesha mkutano, na sheria ya ushirika inasema nini.

Na hawakuishia kwa wale waliokuja darasani. Mwaka 1964 kilianzishwa Kituo cha Elimu ya Ushirika, ili elimu iwafuate wanachama huko huko waliko. Palikuwa na masomo kwa posta na masomo kwa redio, na wanachama walikaa vikundi vikundi wakisoma na kujadiliana. Nchi za Skandinavia zilisaidia kazi hiyo.

Lakini tusidanganyane. Chuo kimoja hakikutosha. Vyama viliongezeka kwa kasi kuliko watu wa kuviongoza. Mwaka 1966 Rais aliunda kamati maalumu ya kuchunguza ushirika, maana malalamiko yalikuwa mengi. Kamati ikakuta wanachama hawajui haki zao wala mambo ya chama chao, watumishi wenye ujuzi ni wachache, na siasa inaingizwa mahali ambapo panatakiwa hesabu. Ndugu wanachama, mkisikia maneno hayo yaliyosemwa miaka karibu sitini iliyopita, hamwoni kama yamesemwa jana?

Tunafika mwaka 1976. Sisi wengine tuliozaliwa karibu na Azimio la Arusha tulikuwa watoto, tunakumbuka tu wazee wakinong'ona. Mwaka 1975 ilikuja sheria ya vijiji, na mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika vikavunjwa nchi nzima. KNCU nayo ikaondoka. Kahawa ikaenda kwa mamlaka ya serikali. Kilichojengwa tangu mwaka 1933 kilifutwa bila mwanachama wa kawaida kuulizwa.

Wapo wanaosema ni siasa, wapo wanaosema ni wizi wa viongozi wa vyama, wapo wanaosema yote mawili. Sisi si wanahistoria. Ila tumelitazama jambo hili kwa macho ya akina mama wenye sanduku, na tunaona hivi: mali ambayo mwenyewe hawezi kuisomea hesabu yake, ni rahisi kumwondolea. Hawezi kuitetea. Atasema nini, na daftari hajawahi kulifungua?

Chuo chenyewe hakikuvunjwa. Hilo ndilo lililotushangaza. Vyama vikuu vimekufa, chuo cha ushirika kipo, kinaendelea kufundisha. Kwa hiyo ilipotungwa sheria mpya mwaka 1982 na vyama vikuu vikarudi, KNCU ikiwemo mwaka 1984, walikuwapo watu wa kuanza nao. Mbegu ilikuwa imetunzwa darini. Nani kati yetu hajui faida ya mbegu iliyotunzwa darini?

Baada ya hapo ikaja sheria ya mwaka 1991, iliyosema ushirika ni wa wanachama wenyewe na si idara ya serikali. Yalikuwa maneno mazuri. Lakini wakati uleule soko lilifunguliwa, na kuanzia msimu wa 1994 wanunuzi binafsi wakapanda mlimani na magari yao na fedha taslimu. Vyama vingi vilikuwa na madeni, vinalipa kwa kuchelewa, na wanachama wakakimbilia fedha ya mkononi. Hata sisi tulikimbia. Mtoto amerudishwa kwa ajili ya ada, utamwambia subiri malipo ya pili?

Mnakumbuka mikutano mikuu ya miaka ile. Mtu anasimama mbele, anasoma mizania, mali upande huu, madeni upande huu, jumla sawasawa. Tukasomewa, tukapiga makofi, tukaenda nyumbani. Kumbe chama kinakufa mbele ya macho yetu, na sisi tunakipigia makofi.

Mwaka 2000 Rais aliunda kamati nyingine ya kuutafutia ushirika uhai mpya, na sheria nyingine ikaja mwaka 2003. Mwaka 2004 chuo chetu kikapandishwa daraja kikawa Chuo Kikuu Kishiriki cha Ushirika na Stadi za Biashara, chini ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo kilichoko Morogoro. Kikakaa chini ya mlezi huyo miaka kumi. Mwaka 2014 kikajitegemea, ndicho hiki Chuo Kikuu cha Ushirika Moshi. Kina tawi lake Kizumbi, Shinyanga, kwa wenzetu wa pamba. Kinatoa astashahada, stashahada, digrii na kuendelea mpaka udaktari wa falsafa. Majirani zetu Kenya nao wamepita njia hiyohiyo: chuo chao cha ushirika kilichoko Nairobi kimekuwa chuo kikuu mwaka 2016.

Hiyo ndiyo historia ya jirani yetu kwa kifupi. Sasa tunakuja kwenye daftari letu, na hapa tunaomba utulivu, maana haya ni ya nyumbani.

Ndugu Mgeni Rasmi, katika risala umesikia kwamba mwaka 2017 kikundi kilipata "misukosuko kidogo." Katibu ametustahi. Haikuwa kidogo. Desemba ya mwaka ule, siku ya kufunga mzunguko, mikopo yote ilikuwa imerejeshwa. Tukafungua sanduku, tukahesabu fedha, tukalinganisha na daftari. Sanduku lilipungua shilingi 412,000. Tukahesabu tena. Zikapungua zilezile 412,000.

Mweka hazina wetu alikuwa mama tunayemheshimu, mama wa watoto wanne. Ametupa ruhusa tuyaseme haya, ila jina tusilitaje. Aliapa hajachukua hata senti. Sisi tulisema daftari haliongopi. Tulisema maneno ambayo hatutayarudia hapa mbele ya watoto. Ndani ya majuma mawili aliuza mtamba wake akalipa shilingi 412,000 taslimu, akaweka funguo mezani, akaondoka. Na sisi ishirini tuliobaki tukaigawana fedha ile pamoja na mgao. Tukanunua vitenge vya Krismasi.

Kanisani alikaa benchi la nyuma. Msibani alikuja usiku. Watoto wake waliitwa jina baya shuleni. Miaka miwili.

Mwaka 2019 alikuja kijijini binti mmoja mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Ushirika, katika mafunzo yao ya vitendo. Ofisi ya kijiji ikamleta kwetu. Kusema kweli hatukumtilia maanani. Mtoto mdogo, mwembamba, anatuamkia "Shikamooni mama zangu" na kalamu yake sikioni. Tukampa daftari ili ajishughulishe. Akalisoma siku ya kwanza, akalisoma siku ya pili. Siku ya tatu akasema, "Mama, naomba vitabu vya wanachama wote, na vya zamani. Nataka nivilinganishe na daftari la fedha."

Tulivikusanya. Vingine vilitoka kwenye sufuria, vingine chini ya godoro, kimoja kilikuwa kimeliwa na panya pembeni. Akakaa navyo barazani mpaka jioni. Halafu akatuita.

Alituonyesha mikopo minne. Mwanachama alileta rejesho, mathalani shilingi 120,000, na palepale akaomba mkopo mwingine wa kiasi kilekile. Akapewa fedha zilezile, hazikuingia hata sandukuni. Katibu wa wakati ule aliandika kwamba rejesho limeingia. Lakini mkopo mpya hakuuandika kwenye daftari la fedha, aliuandika tu kwenye kitabu cha mwanachama, maana kwa akili yake hakuna kilichotoka kwenye sanduku. Baadaye mwanachama yule alirejesha mkopo wa pili, ukaandikwa umeingia. Kwa hiyo katika daftari, fedha imeingia mara mbili na imetoka mara moja. Mikopo minne ya namna hiyo: 120,000, na 100,000, na 112,000, na 80,000. Binti akajumlisha kwa sauti. Jumla 412,000.

Hakuna aliyeiba. Hakikupotea kitu. Daftari ndilo lililosema uongo, na walioliandika hawakujua, na chini ya kila ukurasa ipo sahihi ya mwenyekiti, yaani ya huyu anayesema mbele yenu leo. Kila juma sahihi, na hakuna hata ukurasa mmoja uliosomwa.

Pale barazani hakuna aliyesema kitu. Mama mmoja alianza kulia, wengine wakafuata.

Kesho yake tulikata jani la isale, tukalifunga fundo kama desturi yetu ilivyo, tukaenda wote ishirini nyumbani kwake. Kila mmoja alichanga shilingi 20,600, ikatimia 412,000. Tulimkuta anakata majani ya ng'ombe. Tukampa isale. Mnajua, isale haikataliwi. Aliipokea, akakaa kimya muda mrefu, halafu akasema, "Mtamba niliulilia siku moja. Nililolilia miaka miwili ni kwamba katika watu ishirini hakuna hata mmoja aliyesema tuvitazame na vitabu vya wanachama."

Fedha tulirudisha. Maziwa ya miaka miwili hatukuweza kurudisha, wala ile miaka yenyewe. Alirudi kikundini baada ya miezi sita. Funguo hakuzitaka tena. Lakini alitaka kujua lile jambo alilolijua yule binti. Leo yeye ndiye mwenyekiti wa kamati yetu ya usimamizi, na hakuna shilingi inayopita asiyoiuliza inatoka wapi na inakwenda wapi. Wapo wanaomwona mkali. Mwacheni awe mkali. Ukali wake tumeulipia.

Basi, ndugu wanachama, jibu la swali la mwanzo ndilo hilo. Mwenyekiti wa darasa la saba anatafuta chuo kikuu kwa sababu kutojua hesabu kulitufanya tumdhulumu mwenzetu. Hatukuwa watu wabaya. Tulikuwa watu waaminifu wenye daftari bovu, na hilo lilitosha.

Baada ya pale tulipiga hodi kwa jirani. Tulifika langoni tumevaa sare zetu, tunaogopa kidogo, tukidhani ni mahali pa watu wa tai. Mlinzi akatuuliza tunamtafuta nani. Tukasema tunatafuta kujifunza kuandika daftari. Akacheka, akatufungulia, akasema, "Mmefika." Tangu wakati huo wenzetu kadhaa wamehudhuria mafunzo mafupi, na hata historia hii tuliyowasimulia tumeipata katika safari zile, mengine kwa walimu wa pale na mengine kwa wazee wetu.

Huko tulijifunza pia habari za mji wa Rochdale, Uingereza. Mwaka 1844 watu 28, wengi wao wafumaji na mafundi maskini, walifungua duka lao la ushirika. Walianza na unga, siagi, sukari na vitu vichache vya namna hiyo. Wenzetu wale walipoanza kupata ziada, hawakugawana yote. Katika kila mia walitenga mbili na nusu kwa ajili ya elimu, wakaweka vitabu na chumba cha kusomea. Na mpaka leo, katika misingi saba ya ushirika inayofuatwa duniani, msingi wa tano ni elimu na mafunzo kwa wanachama.

Hapa ndipo penye ombi letu, na tunalileta mbele ya wageni makusudi ili tusiweze kulirudisha mfukoni. Mkutano mkuu wa mwezi ujao utaletewa pendekezo: katika kila shilingi mia ya ziada, mbili na nusu ziende mfuko wa elimu.

Tunajua kuna manung'uniko. Tumeyasikia kisimani na tumeyasikia kwenye daladala. Wapo wanaosema ada za watoto hazitoshi, mwenyekiti anataka kusomesha watu wazima. Wapo wanaosema tuna katibu, analipwa posho, aandike yeye. Tufanye hesabu pamoja. Mwaka jana ziada yetu, riba na faini, ilikuwa shilingi 3,240,000. Mbili na nusu katika mia ni shilingi 81,000. Tuko wanachama 34. Kwa kila mmoja haifiki hata shilingi 2,400. Hiyo haitoshi kilo moja ya sukari.

Kwa fedha hiyo kila mwaka tutawapa wanachama wawili nauli na chakula waende kujifunza, na wakirudi watufundishe sisi wengine, siku ya mkutano, saa moja kabla sanduku halijafunguliwa. Tutanunua madaftari yanayofaa badala ya haya ya shule yanayochanika. Na mwanafunzi wa chuo akija kijijini atapata pa kulala na chakula cha mama. Baada ya miaka mitano tutakuwa na wanawake kumi wanaoweza kulifungua daftari na kusema hapa sawa, hapa si sawa. Kumi, wala si mmoja. Maana anayejua peke yake hata akiwa mwaminifu, tutamwogopa. Na akisingiziwa, hakuna wa kumtetea.

Kwa yule anayesema katibu aandike, tunasema ndiyo, aandike. Lakini nani atasoma? Wazee wetu walikuwa na makatibu. Walikuwa na meneja na jengo la ghorofa mjini. Walisomewa, wakapiga makofi.

Ndugu Mgeni Rasmi, mwaka huu wa 2025 Umoja wa Mataifa umeutangaza kuwa Mwaka wa Kimataifa wa Ushirika, na sisi tumetimiza miaka kumi ndani yake. Hatukupanga, Mungu amepanga. Uongozi wetu wa mwanzo umezeeka na muda wake unakwisha. Hatuna jengo la kuwaachia. Tunalo sanduku, tunayo daftari. Tunataka tutakapokabidhi, tukabidhi kwa watu ambao kabla ya kutia sahihi watasema, "Ngoja kwanza, tusome."

Tunawashukuru akina baba wote mliobaki na watoto siku za mikutano yetu. Tunakushukuru wewe mgeni wetu, Serikali ya Kijiji, viongozi wa dini, na wote mliochangia sherehe hii kwa fedha, ndizi, mchele na kuni. Tunawashukuru walimu wa jirani yetu. Na yule binti, popote alipo, kalamu yake na iwe na baraka.

Kwako dada yetu uliyekaa mstari wa pili, tunarudia mbele ya kijiji kizima yale tuliyoyasema nyumbani kwako: tulikukosea. Asante kwa kurudi.

Ushirika oyee!